Firigisi ya Mume wa Tusekile

Bibi yangu Tusekile, jamani, alikuwa mpishi kwenye machimbo ya Lupa, na kuku wake walishinda wakichakura kifusi cha Ambokile, mwenye shimo. Kila jioni Ambokile alimpekua nywele, khanga, hata masikio, asije akatoka na chembe ya dhahabu.

Siku moja akamfokea, "Kuku wako wananenepa kwangu! Kila Ijumaa nipikie mmoja, la sivyo ng'oa kibanda chako."

"Sawa, baba. Ila firigisi nampelekea mume wangu. Mila ni mila."

Ambokile akacheka hadi tumbo likatikisika. "Yule mlevi? Mpelekee! Mimi mapaja yananitosha."

Basi akala mapaja mwaka mzima, na bibi akapita na firigisi yake kwenye jani la mgomba.

Mwaka ulipokwisha bibi akanunua shamba Tukuyu. Ambokile akamfuata mbio. "Mwizi! Dhahabu yangu uliipitisha wapi?"

"Mkononi, baba, ukiniona. Kuku humeza changarawe, nami firigisi nilikwenda kuipasulia nyumbani."

Ijumaa iliyofuata Ambokile alimnyang'anya mpishi mpya firigisi, akaitafuna nzima nzima. Akavunjika jino.