Bisibisi ya Mzee wa Kanisa

Wapendwa, alikuwepo mzee mmoja wa kanisa, mvi kichwani, aliyerudi shule. Alijiunga na chuo cha ufundi kusomea vipimo vya viwandani, darasa moja na vijana wa umri wa wanawe. Walimpenda. Kila asubuhi ndiye aliyewaombea kabla ya somo.

Ikafika siku ya mtihani. Kila mmoja alipewa geji chakavu ya presha, kile kipimo cha mshale, aitengeneze, kisha aifunge kwenye pampu pamoja na geji ya chuo, ile wanayoiita geji mama. Mama ikisoma kumi, yako nayo isome kumi. Isiposoma, huendi mafunzo ya kiwandani.

Ya mzee ilisoma tisa. Akaifungua, akaifunga. Tisa. Mwalimu na vijana wakatoka kwenda kunywa chai, mzee akabaki peke yake. Mnadhani alisali? Alichukua bisibisi, akafungua geji mama, akaurudisha mshale wake nyuma kidogo. Sasa zote mbili zikasoma tisa. Zimekubaliana!

Mwalimu aliporudi akaangalia haraka, akampa alama ya vema. Akafuata binti mmoja. Geji mama tisa, ya binti kumi.

"Umekosea," mwalimu akasema.

"Lakini mwalimu, asubuhi nilipojaribu zilikuwa sawa."

"Rekebisha."

Binti machozi yakamlengalenga. Akamgeukia mzee. "Baba, wewe ulifanyaje mpaka ikakubali?"

Mzee akajibu, "Mwanangu, ni uvumilivu na sala."

Mnacheka? Chekeni tu, nitawafikia.

Akaja wa tatu: kumi. Wa nne: kumi. Mwalimu akaitazama tena geji mama. Akafungua kabati, akatoa geji nyingine ambayo haiguswi na mwanafunzi, akaifunga kwenye pampu. Ikasoma kumi. Vijana wale walikuwa sahihi. Mama ndiye aliyekuwa anadanganya, na katika chumba kile alikuwa na mtoto mmoja tu aliyefanana naye.

Hakuna aliyeuliza nani ameigusa. Kulikuwa na haja? Geji yake mwenyewe ilimshitaki. Mzee alisimama pale, bisibisi bado iko mfukoni mwa shati, karibu na kalamu. Na yule binti, badala ya kumcheka, akainamisha macho. Alimwonea aibu baba wa watu.

Sasa, ndugu zangu, tusimseme mzee. Sisi tunapolisoma Neno la Mungu na mioyo yetu ikasoma pungufu, tunageuza nini? Mimi ninayesimama hapa, sijasema na mdogo wangu tangu tulipomzika mama. Kila nikifika penye "msameheni", nalilegeza kidogo: "Hilo halihusu watu kama yule." Kisha napanda hapa kuwahubiria msamaha, nanyi mnaitika amina. Naona haya, wapendwa. Naona haya sana.

Na kibaya zaidi, wako watoto wetu ambao mioyo yao ilikuwa imenyooka, tukawaambia wamekosea kwa sababu hawakufanana na sisi. Wametuuliza, "Baba, mama, mlifanyaje?" Tukawajibu, "Sala."

Neno halina kasoro. Iliyochakaa ni geji yangu. Leo nikitoka hapa ninakwenda kwa mdogo wangu, na sijui kama atanifungulia mlango. Nanyi, kabla hamjanitazama mimi, hebu kila mmoja aingize mkono mfukoni mwake, aitafute bisibisi yake.