Upepo Wenye Kiu

Chubwi!

Sauti hiyo ilisikika usiku mmoja, wanangu, hapo kale wanyama walipokuwa na majiko na mashamba yao. Mmoja wao alikuwa amechomoa kizibo cha mgomba kwenye mfereji.

Pale mlimani maji hayakuuzwa. Ukishiriki kuzibua mfereji, unapata zamu. Zamu yako ikifika, unasimama kwenye lango la mfereji, unataja jina lako kwa sauti, ndipo unachomoa kizibo. Aliyechomoa kimyakimya, adhabu yake ilikuwa kuzibua mfereji peke yake mwaka mzima.

Asubuhi, siku ya zamu yake, Pimbi akakuta mfereji mkavu. Maharage yake yalikuwa na maua tayari, majani yanajikunja. Watoto wake hawakuwa na chakula kingine.

"Nani kafungua maji?" akauliza kikaoni.

Nyayo pana kama sinia zilitoka langoni hadi kwenye migomba ya Mheshimiwa Mwenyekiti, yule mwenye mkonga na masikio kama ungo. Jina lake? Hakuna aliyethubutu kulitaja, nami nitakuwa nani?

"Ni upepo," akasema Mwenyekiti.

"Upepo kabisa!" Nyati akadakia. "Niliusikia, vuuu!"

"Upepo wenye miguu minne?" akauliza Pimbi.

"Pepo za siku hizi, dada yangu, zina mambo!" akajibu Nyati.

"Na zinapenda ndizi. Haya, nimeelewa."

Kesho yake Pimbi akarudi kikaoni na chungu kikubwa cha ndizi za kupikwa, huku akipiga vigelegele.

"Jamani, nimekuja kumshukuru Upepo! Lile gogo lililoziba mfereji huko chini, maji yake yamelisukuma, pwaa! Tulilivuta wote likatushinda. Hata wewe, Mheshimiwa, lilikutoa jasho bure."

Mwenyekiti akakohoa. "Siku ile nilikuwa na mafua."

"Pole sana. Upepo hauugui mafua. Mimi napendekeza Upepo awe mwenyekiti."

"Naunga mkono!" akasema Nyati, ambaye aliunga mkono kila kitu. "Upepo hoyee!"

"Hoyee!" wakaitikia wote.

Masikio ya Mheshimiwa yakaanza kupepea, papapa! Chungu kilinukia. Kiti kilikuwa kinaondoka.

"Upepo gani?" akanguruma. "Upepo una nguvu gani? Kizibo nilichomoa mimi!"

"Wewe?" Pimbi akashika mdomo. "Wewe nani, baba? Mila ni mila. Nenda langoni, useme kwa sauti, chungu kiwe chako."

Akaenda, dii, dii, dii, kifua mbele. Pimbi akamfuata na chungu mkono mmoja, jembe la kuzibulia mfereji mkono wa pili.

Wanangu, maji ya wote hayalindwi kwa kumwogopa mkubwa.

Mheshimiwa akainua mkonga, akavuta pumzi, mlima mzima ukasikia:

"Ni mimi, Tembo!"