Waliomnunulia Mwantumu Gari

Sogeeni, na mwenye mtoto ampakate. Hadithi ya leo haina jini wala sungura. Ina gari moja kuukuu, watu watatu waliolitafuta, na mwanamke mmoja aliyewapenda wote watatu. Sikilizeni vizuri, kwa sababu mwisho wake sitausema mimi.

Milimani Usambaa, upande wa Bumbuli, aliishi mama kijana aitwaye Mwantumu, mama yake Ngoda. Mumewe, Hozza, alilima kabichi na karoti, na yeye akaziuza. Shida yao haikuwa shamba, ilikuwa njia. Magari ya mizigo yalipanda mlima siku yalipojisikia, na mvua ikizidi hayakupanda kabisa. Kabichi zikakaa kando ya barabara chini ya turubai mpaka zikageuka rangi, na ng'ombe wa jirani wakanenepa.

Basi wakaweka akiba ya kununua kirikuu, yale magari madogo ya mizigo. Si jipya. Lililotumika.

"Litakuwa rahisi," alisema Hozza. "Ni kama shati la mtumba."

Akateremka mjini kuangalia, akarudi mikono mitupu. Mwantumu alimsogezea maji ya kunawa.

"Mke wangu," Hozza alisema, "kuna gari limeendeshwa ng'ambo na mtu, likaendeshwa Dar na mwingine, kiti kimepasuka sponji linachungulia. Bei yake utadhani limetoka kiwandani jana. Ukiuliza, unaambiwa dola. Ukiuliza tena, unaambiwa meli, unaambiwa ushuru. Yale magari yanazeeka, bei yake haizeeki."

Hapo ndipo Mwantumu alipowafikiria watu wake watatu.

Wa kwanza alikuwa Singano, kaka yake, tumbo moja. Singano alijaliwa kujua nani ana nini. Ukitafuta mbuzi mwenye mimba, au bati nzuri za nyumba iliyobomolewa, yeye ndiye angekuambia ziko kwa nani na kwa nini huyo mtu anaziuza.

Wa pili alikuwa fundi Kaoneka, jirani yao. Yeye alijaliwa mkono. Aliweka kiganja juu ya injini kama mama anavyoweka kiganja kwenye paji la mtoto, akajua kama ina homa.

Wa tatu alikuwa Zuhura, shoga yake Mwantumu tangu utotoni. Zuhura alijaliwa ulimi. Wenye maduka walipomwona anaingia walisema, "Leo tumekwisha," kisha wakacheka, kwa sababu hata akikushusha bei alikuacha umefurahi.

Mwantumu aliwaambia wote: "Nisaidieni. Na jasho lenu nitalilipa."

Singano alitangulia. Alizunguka Mombo, akazunguka Korogwe mpaka soli za viatu zikaachia. Hakwenda kwenye yadi za kuuzia magari. Alisema, "Usitafute gari linalouzwa, tafuta mtu mwenye sababu ya kuuza." Akampata Mzee Mhando wa Korogwe, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, hawezi tena kuendesha, na gari lake alilitunza kama yai. Mwantumu alipotaka kumpa kitu kidogo, Singano alirudisha mkono nyuma kama aliyeguswa na moto.

"Nikudai wewe? Tumenyonya ziwa moja, mdogo wangu."

Akafuata fundi Kaoneka. Njiani kwenda Korogwe walipita yadi moja ambako palikuwa na kirikuu kinang'aa, rangi mpya, bei ndogo kuliko ya Mzee Mhando. Hozza alishapenda. Kaoneka akainua zulia la chini, akanusa. Akafungua kifuniko cha oili, akawaonyesha povu jeupe kama la maziwa. "Hili limelala kwenye mafuriko," akasema. "Mkilinunua, mtakuwa mnalisukuma." Walipofika kwa Mzee Mhando, kabla ya kuomba ufunguo aliligusa boneti kwanza, aone kama limepashwa moto ili lisisumbue kuwaka. Lilikuwa baridi. Akaliwasha, likaitika mara moja. Akalala chini ya gari, akatoka ana vumbi mpaka kwenye kope. "Chukueni hili." Mwantumu alimpangusa mgongo kwa kanga yake, akafungua pindo ampe chochote.

"Funga pindo lako, Mama Ngoda," alisema Kaoneka. "Jirani hamuuzii jirani maji."

Kisha ikawa zamu ya Zuhura. Mzee Mhando alitaja bei, Zuhura akashika kiuno.

"Baba, unauza gari au unauza Korogwe nzima?"

"Gari tu, mwanangu."

"Basi sisi hatutaki na stesheni. Tutolee stesheni humo."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Zuhura akaingia ndani, akakaa na mke wa mzee, akamenya naye ndizi. Akatoka, akanong'ona na mzee pembeni, akaaga, akarudi tena. Ilipofika alasiri alimletea Mwantumu habari: bei imeshuka, ingawa bado ni kubwa. Watalipa akiba yao yote leo, na kinachobaki watalipa baada ya mavuno. Mwantumu alimkumbatia akalia. Alitaka kumvua kitambaa kichwani amfunge kipya alichomnunulia. Zuhura akasema, "Hicho nitakipokea. Lakini ukinitajia hela, urafiki umekwisha."

Gari likaja nyumbani. Watoto walilishika taa kama wanashika mashavu ya mgeni.

Lakini kile kilichobaki, jamani! Msimu mzima Mwantumu aliuza, na alichokusanya kilifika fungu moja tu kati ya matatu. Mafungu mawili yakakosekana. Ahadi ni deni. Akaenda kwa tajiri mmoja wa kijiji cha juu, akaweka rehani shamba alilopewa na marehemu mama yake, lile la kando ya kijito lenye miti ya mapeasi. Tajiri akampa mafungu mawili kamili, na kusema kwamba asipoyarudisha kabla ya mvua za vuli, shamba lina mwenyewe mwingine.

Akateremka Korogwe, mtoto mgongoni. Mke wa Mzee Mhando alipomwona alimpokea mtoto kabla ya salamu, akaenda kumpoozea uji. Mzee alisogeza kiti chake juani ili mgeni apate kivuli. Mwantumu aliona yote hayo, akajisikia yuko kwa watu. Akaweka hela juu ya meza.

"Umezipata wapi zote hizi, mwanangu, katika msimu mmoja?"

"Nimeuza, baba. Na shamba la marehemu mama nimeliweka rehani."

Mzee aliinamia meza. Alizipapasa zile noti, kisha akazisukuma kurudi upande wa Mwantumu.

"Hizi si zangu."

"Ni zako, baba. Ndilo deni."

"Changu nilikipata siku ile ya kwanza. Hivi ni vya juu vya ndugu zako." Akashusha pumzi. "Kaka yako alipokuja kuniuliza gari, aliniambia niongeze chake juu ya bei. Fundi wako akiwa chini ya gari aliniita nimshikie taa, akaniambia hivyo hivyo. Yule shoga yako alinishusha kweli, alinishusha nikaumia, halafu pale pembeni akaniambia niongeze na chake. Hakuna aliyejua habari ya mwenzake. Nikasema nisimpendelee mtu, nikawawekea sawa kwa sawa, na nikawaambia watapata ukimaliza kulipa. Na mimi nina kosa, mwanangu. Ndiyo desturi ya kuuza magari, nikaona kawaida. Lakini shamba la mama yako sikulijua."

Mwantumu hakumbuki alifikaje stendi. Anakumbuka tu kwamba mke wa mzee alimfunga mtoto mgongoni upya, taratibu.

Hozza alipoambiwa alitaka kupiga kelele kijiji kizima kisikie. "Nenda ukawaambie mbele ya watu!"

"Nitawaambia mbele ya chakula," alijibu Mwantumu.

Akapika makande, akaweka nazi nyingi. Akawaita wote watatu. Walikula, wakasifu. Kaoneka alifyonza vidole. Zuhura alimlisha mtoto kwa mkono wake. Mwantumu alimwangalia akimlisha, akipuliza kila kijiko. Sahani zilipotolewa, alikunjua kanga, akaweka mafungu matatu ya hela juu ya mkeka.

"Mzee Mhando anawasalimu," alisema. "Amesema hivi ni vyenu. Kila mtu achukue chake kwa mkono wake, nikiona."

 Wale watatu wakatazamana, na hapo ndipo kila mmoja alipojua kwamba hakumega peke yake.

"Kumbe na wewe?" Singano alimwambia Kaoneka.

"Na wewe, kaka mtu?"

"Acheni kuulizana," alisema Mwantumu. "Niulizeni mimi. Mimi nilisema nitawalipa. Nyinyi ndio mlikataa. Kwa nini mlikataa mchana mkaja kuchukua kisirisiri?"

Singano aliinamisha kichwa. "Mdogo wangu, nilikuwa na mahari ya kumalizia. Kukudai wewe niliona aibu. Na bila mimi msingemfahamu yule mzee. Mngekuwa bado kwenye yadi mnahesabu matundu ya viti."

"Ni kweli," alisema Mwantumu. "Lakini kaka, nilipokwenda kuliweka rehani shamba la mama, ulinisindikiza. Ulinibebea mtoto njia nzima. Mlimani uliniambia nipumzike, ukanichumia mapera. Ulijua hela ile inakwenda wapi?"

 Machozi yalimdondoka Singano kwenye magoti, naye hakuyafuta.

Fundi Kaoneka alikohoa. "Mama Ngoda, mimi nasema wazi. Kijiji hiki wote ni ndugu zangu gari likiharibika, na wote ni wageni likipona. Ningekutajia ujira, ungelipa mwaka huo, na mwaka wa pili ungesema Kaoneka ana roho mbaya. Lakini yule mwenye gari la mafuriko alinifuata pembeni, akaniahidi mara mbili ya hiki ili ninyamaze. Nikamkataa. Ningekuwa mwizi kweli, leo ungekuwa na bati la kufugia kuku. Na tangu siku ile, breki nimetengeneza bure."

"Na hilo ni kweli," alisema Mwantumu.

Zuhura alikuwa bado amempakata mtoto. Alimrudisha kwa mama yake kwanza, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Nilichokupunguzia kwa yule mzee kinazidi nilichokula. Unaweza kumuuliza. Lakini Mwantu, sitasema nilikuwa na shida. Sikuwa na mahari, wala hakuna aliyekuwa ananidai. Niliwaza siku utakayopita umekaa mbele, kioo umeteremsha, na mimi niko kando ya barabara na kapu langu. Nikasema, angalau na mimi nipate kidogo katika gari lile. Ndivyo ilivyokuwa. Wivu. Mimi niliyekuogesha uzazi wote."

 Maneno ya Singano na Kaoneka yalikuwa yamemchoma Mwantumu. Haya yalimchoma zaidi, na bado ndiyo pekee yaliyosikika kama maneno ya mtu anayempenda.

Akachukua mafungu mawili, akayafunga kwenye pindo. "Haya ni shamba la mama. Kesho linarudi."

Fungu la tatu likabaki. Hilo lilikuwa jasho la msimu wake, hadaiwi na mtu.

"Nunua matairi," alisema Hozza kutoka mlangoni. "Hawa wamekula makande, inatosha."

"Matairi yangekuwa ya gari gani, baba Ngoda, kama si hawa? Niliahidi kumlipa aliyenisaidia. Wao wamevunja neno lao. Mimi langu sijalivunja." Akalishika lile fungu mkononi. "Ila ni moja. Na sitaligawa, kwa sababu kugawa sawa kwa sawa ndiko kulikonifikisha hapa."

Nje lile gari lilikuwa limeegeshwa kwenye mteremko, limepakia karoti, linangoja safari. Ndani, Singano alitazama miguu yake, Kaoneka akatazama viganja vyake, Zuhura akafumba mdomo. Hakuna aliyenyoosha mkono, na hakuna aliyesimama kuondoka.

Sasa nawageukia nyinyi. Singano ndiye aliyelipata gari, na ni damu yake, lakini alimsindikiza dada yake kulitoa shamba la mama yao, akiwa amenyamaza. Kaoneka ndiye aliyewaokoa na gari bovu, akakataa hongo kubwa, lakini ndogo ikamshinda. Zuhura ndiye aliyeshusha bei, na ndiye aliyesema ukweli wote, lakini hakuwa hata na shida ya kumsukuma. Bila mmoja wao, gari lisingekuwepo. Kwa sababu ya kila mmoja wao, shamba lilitaka kupotea.

Msijibu haraka, na msiangalie jirani anasemaje. Fungu lile lingekuwa mkononi mwako, na hao watatu wamekaa mbele yako, wewe ungemkabidhi nani? Au ungelirudisha kwenye pindo, na nani kati yao angerudi kesho kukusalimia?