Figo Isiyokuwa na Barua

Wapendwa, kabla sijafungua Maandiko, nisikilizeni. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa. Msihangaike kutafuta ni wa usharika gani, nimemtunga mwenyewe. Zamu yake ilikuwa mlangoni. Mgeni akija kutaka kujiunga, mzee anamkazia macho: "Umetoka wapi? Barua ya mchungaji wako iko wapi?" Huna barua, unarudi ulikotoka. Watu walimsifu kwa hilo. Walisema mzee huyu analinda kundi.

Mzee akaugua. Figo zake zote mbili zikafa. Akavimba miguu, akavimba uso, akawa anafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Ndugu wakapimwa mmoja mmoja, hakuna aliyefaa. Mwisho madaktari wa ng'ambo wakamwambia, "Mzee, iliyobaki ni figo ya nguruwe. Wapo wanaofugwa kwa kazi hiyo tu."

Nguruwe, mnyama ambaye kanisani kwao ni najisi! Mtu ambaye nyumbani kwake hata harufu ya kitimoto haivuki geti! Lakini ndugu zangu, kifo kikishakaa ukingoni mwa kitanda chako, utachagua? Akakubali. Akamwapisha mkewe asimwambie mtu yeyote.

Figo ikawekwa. Asubuhi ya tatu, mzee akakojoa. Mnacheka? Mtu aliyekaa miezi minane bila kukojoa hacheki. Alisimama pale chooni akalia kama mtoto.

Siku ya kuruhusiwa, daktari akamkabidhi vidonge. "Mzee, mwilini mwako mna askari. Kila kigeni wanakishika. Hii figo hawaijui. Vidonge hivi vinawasinzisha. Saa moja asubuhi, saa moja jioni, maisha yako yote. Wakiamka, wataiua."

"Hata kama ndiyo inayoniweka hai?"

"Wale hawaulizi umekuja kufanya nini. Wanauliza umetoka wapi."

Mzee akainamisha kichwa. Swali lile alilijua, lilikuwa lake mwenyewe. Lakini mtu akipona husahau upesi. Akarudi nyumbani, akanenepa, akarudi na mlangoni pake.

Halafu ukaja mfungo. Siku tatu kavu, hata tone la maji hapana, wazee wote wakikaa pamoja kanisani tangu mwanzo hadi mwisho. Na aliyeitangaza sheria hiyo ni yeye. Mkewe akamshika mkono.

"Baba, waambie unameza dawa. Mungu hajakuomba ufe."

"Wakiniuliza dawa za nini?"

"Waambie ukweli."

"Kwamba nina nguruwe ndani? Wataniondoa mlangoni, mama."

Vidonge akaviacha chini ya mto.

Siku ya tatu, wenzake wakiimba, tumbo likaanza kuwaka moto upande wa chini, pale pale iliposhonwa ile figo. Akazidisha sauti. Mwili unatetemeka kwa homa, yeye anaimba. Ni nani kati yetu hajawahi kuimba huku anakufa? Walipomfikisha hospitali, mkojo ulikuwa damu tupu.

"Daktari," akauliza, "ile figo imenikataa?"

"Hapana, mzee. Figo imefanya kazi mpaka dakika ya mwisho. Wewe ndiye uliyeikataa. Umeacha vidonge, askari wako wameamka."

Mzee akajishika tumbo kwa mikono miwili. "Niwaambie waache! Daktari, nifanyeje waache?"

"Hawakusikii. Wanadhani wanakulinda."

Akafa akiwaogopa askari wake mwenyewe. Na waliomzika walisema amekufa vizuri, amekufa akiwa kwenye mfungo.

Sasa mimi naogopa, wapendwa. Nawaambia wazi, wiki hii sikupata usingizi. Kwaya yetu ilikuwa na watu arobaini, leo wameimba tisa. Chumba cha watoto kimegeuka stoo ya viti. Mwili huu umevimba miguu na sote tunaona. Tumefunga, tumelia, Bwana tuletee uzima. Na uzima ukija na sura tusiyoizoea, sisi tunafanya nini?

Jumapili iliyopita alikuja mama mmoja na watoto wanne. Akakaa benchi la tatu. Benchi zima likahama, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa, huyu anakwenda kumsalimia fulani, yule anafuata feni. Mimi niliona. Nilikuwa hapa hapa madhabahuni, nikafumba macho, nikajifanya naomba. Siku ile nilikuwa askari mimi, tena mwenye cheo.

Yule mama amerudi leo. Hamjui, kwa sababu mmeupa mlango mgongo. Amekaa na wanawe nje kwenye ngazi, maana mzee wetu wa zamu amemuuliza barua, naye hana. Na msimlaumu mzee wetu. Si mtu mbaya. Anadhani anatulinda.

Hicho ndicho kinachoniogopesha. Siwaogopi wabaya. Nawaogopa walinzi, na sisi sote humu ni walinzi. Mungu amekwisha kutuwekea figo, ameishona, inafanya kazi, na tunaiua huku tunaimba pambio.

Maandiko siyafungui. Nayaweka hapa. Nashuka kwenda kwenye zile ngazi kumchukua yule mama na watoto wake wanne, na nikirudi nao nitahitaji nafasi tano.

Benchi la tatu, nawaangalia ninyi.