Maji ya Kiboko Yaliyopewa Jembe

Wenye masikio mpo?
Tupo, na njaa ya hadithi.
Niwape iliyoiva au mbichi?
Mbichi, tutaipika wenyewe.

Basi, alikuwapo Kiboko, mwenye bwawa bondeni, na alikuwapo Bi Fuko, mjane, mwenye kishamba cha mtama mlimani. Kiboko alikuwa ametangaza: "Maji yote ya mvua ni yangu. Asiyazuie mtu." Mvua ikinyesha, maji yaliporomoka, yakabeba udongo, mbegu na vyungu vya watu mpaka bwawani. Kiangazi kikija, mlima ulikauka kau. Aliyetaka kunywa alimpelekea Kiboko chakula chake kwanza.

Mwaka ule Bi Fuko alibakiwa na kibaba kimoja cha mbegu, na watoto nyumbani. Zikisombwa hizo, basi tena. Hasira zilimpanda, akazishushia kwenye kucha. Kwaru, kwaru, akachimba mifereji iliyokingama mteremko, akainua tuta kandokando ya kila mfereji. Ndani akatandika majani makavu, na kati ya mifereji akafukia mbegu zake.

Kiboko akapanda mlima, ndi, ndi, ndi.

"Fuko, unazuia maji yangu?"

"Nizuie mimi, mzee, na udogo huu? Maji yako yametoka mbinguni, safari ndefu. Yapite mlangoni kwangu bila kukaribishwa? Watu watasema maji ya Kiboko hayana heshima. Nimeyatandikia tu."

Kiboko akavimba kichwa. "Vizuri. Yalale, kisha yaje."

Mvua ikaja, chwaaa. Maji yakashuka, yakaikuta mifereji, yakatulia, yakanywewa na ardhi taratibu. Bondeni Kiboko aliachama mdomo akingoja. Hakupata hata funda.

Akapanda, ndi, ndi, ndi. "Maji yangu yako wapi?"

"Yamelala, mzee. Yamechoka."

Siku ya pili akapanda, ndi, ndi, ndi. "Maji yangu yako wapi?"

"Bado yamelala."

Siku ya tatu akapanda, ndi, ndi, ndi. "Maji yangu yako wapi?"

"Yako shambani, yanalima."

"Nani kayapa kazi?"

"Mila, mzee. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Yatoe!"

"Siyatoi. Ni yako, yaite mwenyewe."

Kiboko akajitupa mferejini ayafukue. Udongo ulikuwa umeshiba, laini kama uji. Chubwi, akazama magoti. Akapiga teke, akazama tumbo. Majirani wakaja kutazama, na hakuna aliyemwonea huruma.

"Fuko, nitoe."

"Tutakutoa, mzee. Lakini leo ndiyo siku yako ya kwanza. Pumzika."

Siku ya pili wakamletea uji, akanywa. Siku ya tatu wakamvuta, wakampa jembe.

Alichimba mifereji ya mlima mzima, huku akinung'unika. Kiangazi kilipofika, mtama wa Bi Fuko ulisimama kijani, na chini ya mlima chemchemi ikachuruzika polepole, ikalijaza bwawa. Kila mtu alikunywa, na chakula chake akala mwenyewe.

Shikeni funzo, wanangu: mkubwa habishiwi. Akisema msiyazuie maji yake, msiyazuie. Yatandikieni tu, na yeye mwekeeni jembe.

Hadithi nimeipakua. Anayetaka ukoko, akwangue chungu mwenyewe.