Kesi ya Sudi, Mtoto wa Bi Kidawa

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nani?

Palikuwa na mtoto!

Wa nani?

Enhe, hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Kaeni vizuri, na leo asinichekeshe mtu. Kila nikiisimulia hadithi hii hasira zinanipanda upya.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na kushtakiana, aliishi pundamilia mmoja, jina lake Bi Kidawa. Mwanawe alikuwa ameliwa na fisi akiwa na siku tatu tu duniani. Kiwele kilimjaa maziwa, kikamuuma, na hakuna wa kuyanyonya.

Siku moja alishuka mtoni akakuta ndama wa nyumbu amelala matopeni. Kundi la nyumbu lilikuwa limevuka asubuhi. Mama wa ndama alichukuliwa na maji, na ndama mwenyewe alikuwa ameteguka mguu. Kundi lilimwona. Likamruka, likaenda zake.

Bi Kidawa akamlamba matope. Akamnyonyesha. Akamwita Sudi.

Sudi akakua. Lakini watoto wa pundamilia wakawa wanamtania, "Mbona wewe huna milia?" Akirudi nyumbani analia. Basi kila asubuhi Bi Kidawa akawa anachovya mkia wake kwenye udongo mweupe na kumchora milia mwili mzima. Hakumwambia mtoto ukweli. Hilo lilikuwa kosa lake, nami nalisema wazi, maana sipendi kumpendelea mtu.

Ikapita miaka miwili. Siku moja akaja mkuu wa nyumbu, jina lake Mwenye Ndevu, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Sudi. Akaja na mashangazi, akaja na wajomba, akaja na wapiga domo.

"Tumekuja kuchukua damu yetu," akasema.

"Damu yenu?" akauliza Bi Kidawa. "Ilipolala matopeni ilikuwa ya nani?"

"Maneno hayo utayasema kwa hakimu."

Hakimu alikuwa Twiga. Wakaenda.

Siku ya kwanza Twiga akauliza, "Mtoto huyu kwato zake zimepasuka au hazikupasuka?"

"Zimepasuka, Mheshimiwa," wakaitikia nyumbu wote.

"Pundamilia ana kwato iliyopasuka?"

"Hana, Mheshimiwa!"

Bi Kidawa akasema, "Mheshimiwa, mtoto huyu anaogopa maji. Akisikia mto unanguruma anatetemeka mpaka meno yanagongana. Anayejua kumtuliza ni mimi."

"Hilo halimo katika kesi," akasema Twiga. "Rudini kesho."

Halimo katika kesi! Mnasikia hayo?

Siku ya pili Mwenye Ndevu akaja na kibuyu cha maji. Akammwagia Sudi mgongoni. Udongo mweupe ukachuruzika, milia ikafutika yote, na mtoto akabaki wa kijivu mbele ya watu.

Nyumbu wakaangua kicheko. "Mwizi huyo! Anamchora mtoto wa wenzake!"

Sudi akatazama miguu yake. Akamtazama Bi Kidawa. "Mama, mimi nani?"

Wewe unayecheka hapo nyuma, acha. Hapo pana kitu cha kuchekesha?

Bi Kidawa alitamani ardhi impasukie. Lakini akapiga moyo konde, akasema, "Wewe ni nyumbu, mwanangu. Nilikosea kukuficha. Sikukuzaa, lakini mama yako ni mimi."

"Amekiri!" akapaza sauti Mwenye Ndevu. "Mheshimiwa, amekiri!"

"Rudini kesho niwape hukumu," akasema Twiga.

Siku ya tatu, kabla Twiga hajafungua mdomo, Bi Kidawa akapiga kwato chini, vumbi likatimka.

"Mheshimiwa, leo unifunge ukitaka, lakini nitasema. Umeuliza kwato. Umeuliza ukoo. Mtoto amesimama hapa siku ya tatu leo, nani amemuuliza neno? Hata kama amekunywa maji, nani ameuliza?"

Twiga akaona haya. Akatanua miguu yake mirefu, akainama, shingo ikashuka mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto.

"Shikamoo, babu," akasema Sudi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe unataka kukaa wapi?"

"Kwa mama. Lakini baba mkubwa naye ananipenda sana. Jana aliniletea majani mabichi. Ameniahidi nikienda kwake nitatangulia mimi kuruka mtoni, mbele ya kundi zima! Nikamwambia naogopa. Akasema ni heshima ya nyumba ya mkuu, na wanawe watatu wameniachia mimi."

Kivuko cha nyumbu kila mnyama alikijua, na mamba wake kila mnyama aliwajua.

Bi Kidawa akamgeukia Mwenye Ndevu.

"Aliyetangulia mwaka jana yuko wapi?"

Mwenye Ndevu akageuka kuwatazama wajomba.

"Aliyetangulia mwaka juzi yuko wapi?"

Mwenye Ndevu akarudi hatua moja nyuma.

"Na wa mwaka ule mwingine?"

"Ni mila yetu," akasema Mwenye Ndevu. "Lazima atangulie mtu wa nyumba ya mkuu."

"Na zamu imewafikia wanao, ndipo ukakumbuka kuwa una mtoto wa ndugu! Una uso mkavu, huna haya! Ulimtupa akiwa mgonjwa, sasa amenona unakuja kumchukua ukawalishe mamba!"

Twiga akainuka. "Hukumu yangu hii. Sudi atakaa kwa Bi Kidawa. Na kwa kuwa mila ni mila, mwaka huu atatangulia mtu wa nyumba ya mkuu. Atatangulia mkuu mwenyewe."

Siku ya kuvuka ikafika. Kundi likajipanga nyuma ya Mwenye Ndevu. Akasogea ukingoni, akatazama maji, akarudi. Akasogea tena, akarudi. Mara ya tatu akageuka, akafuata ukingo kuelekea juu, kundi likamfuata. Wakatembea nusu siku. Wakafika mahali mto umetanuka juu ya mawe, maji hayafiki magotini. Wakavuka wote, hata vitoto vya juzi.

Ng'ambo, nyumbu mmoja jike wa nyumba ya mkuu akasimama. Mwanawe ndiye aliyetangulia mwaka jana, akaliwa na mamba.

"Mwenye Ndevu," akasema, "kivuko hiki ulikijua tangu lini?"

Mama wote waliopoteza watoto kule kwenye mamba wakamzunguka Mwenye Ndevu kwa pembe. Tangu siku hiyo anakula majani peke yake.

Mafunzo ni haya, wakubwa mnisikie. Mkigombea mtoto, msianze kwa kwato wala ukoo. Ulizeni nani alimwokota, nani anamlisha, na yeye mwenyewe anaogopa nini. Na mtoto akijibu, inameni mumsikie.

Hadithi yangu naitua hapa. Utamu wake wapeni watoto, uchungu wake umezeni nyinyi wakubwa.