Sharti la Mjane wa Kufa

Wametupokeza waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Kufa, kule Iraki, aliishi mfanyabiashara wa vitambaa aitwaye Hureith bin Nuaim, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na kwa sababu hiyo watu walimkabidhi mali zao bila kuuliza mengi. Mimi hilo silisifu, kwani alama ya sijda haimfundishi mtu biashara.

Katika mji huo palikuwa na mjane, Bibi Unaisa, ambaye watu walimwita Ummu Safana kwa jina la binti yake mkubwa. Mumewe alikuwa tajiri wa ngamia. Maradhi yakaingia zizini mwaka mmoja, ngamia wakafa wote, naye hakukaa sana baada yao. Mjane akauza nyumba yao kubwa, akahamia chumba kimoja na mabinti zake wawili, Safana na Hind. Aliona wazi kwamba wakiila ile bei ya nyumba kidogo kidogo itakwisha kabla wasichana hawajakua. Basi akabakiza chakula cha mwaka mmoja, na iliyosalia akamkabidhi Hureith kwa mkataba wa mudharaba.

Nifafanue, maana siku hizi ukimtajia mtu habari ya kuwekeza husikia faida tu, mengine yote yanampita. Katika mudharaba mmoja hutoa mali na mwenzake hutoa kazi. Faida ikipatikana huigawa kwa fungu waliloafikiana, na hakuna wa kumwahidi mwenziwe kwamba itapatikana. Hasara ikija bila kosa la mtu, mwenye mali amepoteza mali yake, na mwenye kazi amepoteza jasho lake. Lakini mwenye kazi akivunja sharti aliloliridhia, hasara yote ni juu yake.

Bibi Unaisa aliweka sharti moja tu. "Ewe Hureith, nunua utakacho na uza utakapo, ila kwa mali ya mayatima hawa usinunue chenye roho. Kitambaa kikilowa huanikwa. Mnyama akifa, amekufa."

Hureith akajibu, "Nimeridhia," na mashahidi wawili wakasikia.

Akanunua vitambaa kwa mali ile, akasafiri hadi mji wa Hamadhani katika nchi ya Waajemi, akaviuza vyote kwa faida nzuri. Angeweza kushika njia ya kurudi nyumbani siku ile ile. Lakini sokoni akamkuta mchungaji aliyeharakishwa na ukame, anauza kondoo mia mbili kwa nusu ya bei, na Idi ya kuchinja imekaribia. Hureith akalikumbuka sharti. Hatukusimuliwa kwamba alisahau. Alilikumbuka vizuri, akaiambia nafsi yake, "Mama yule ametiwa hofu na yaliyompata. Nitawaletea mayatima maradufu, naye atanishukuru." Akatoa mtaji wote na faida yote, hakubakiza ila nauli.

Hapa, ndugu zangu, ndipo wanapoteleza watu wema. Mwizi huiba akijua kwamba anaiba. Mcha Mungu huivunja amana huku akijihesabia thawabu!

Siku ya tatu kondoo wakaanza kukohoa. Walipofika mlima wa Hulwan wakawa wanaanguka mmoja baada ya mwingine, na kabla ya kuteremka upande wa pili hakubaki hata mmoja. Hureith akaendelea kwa miguu peke yake. Nyuma yake, katika mlima ule ule, wanyang'anyi wakauvamia msafara mwingine, wakaua na kupora, na habari hizo zikamtangulia kufika Kufa. Alipoingia mjini amechakaa, watu walidhani naye ameporwa, wakamkumbatia na kumshukuru Mola aliyemwokoa.

Kesho yake Bibi Unaisa akaja mlangoni kwake na bakuli la uji wa shayiri. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Wewe umepoteza jasho, sisi tumepoteza mali. Ndivyo tulivyoafikiana, nami sikudai kitu." Akaondoka kabla Hureith hajafumbua kinywa.

Mkewe, Atika, ambaye alikwisha kuambiwa kweli yote, alikuwa mgonjwa wa kifua. Akamwambia, "Mume wangu, hukusema uongo hata neno moja. Nyamaza. Ukisema, nyumba hii imekwenda, nami kipupwe hiki sikiwezi nikiwa nje."

Naye alikuwa anasema kweli. Hureith akanyamaza siku saba, na kila siku mjane akamletea uji, aliopunguza katika chakula cha mabinti zake. Siku ya saba akaliweka bakuli chini bila kuonja. Akatoka, akaenda kwa mjane.

"Ummu Safana, wanyang'anyi hawakunigusa. Nilinunua kondoo, wakafa. Nina deni lenu lote."

Bibi Unaisa akasema, "Hasara ya wanyang'anyi nilikwisha kuivumilia, nikaanza kupata usingizi. Sasa unataka nianze upya? Toka mlangoni kwangu."

Hureith akaitangaza nyumba yake kuuzwa, lakini mnunuzi alichelewa. Katika miezi hiyo chakula cha mjane kilikwisha, na Hind, aliyekuwa na umri wa miaka sita, akashikwa na homa akiwa amekwisha kudhoofu kwa njaa. Alifariki siku kumi na mbili kabla ya nyumba kuuzwa. Hureith alihudhuria maziko, akasimama safu ya nyuma kabisa, na hakuna aliyemwambia asogee mbele.

Bei ya nyumba ililipa nusu. Nusu iliyobaki aliitafuta kwa kubeba magunia katika soko la nafaka, yeye aliyezoea kupima hariri. Alipanga chumba karibu na watengeneza ngozi, penye unyevu na harufu kali, na humo Atika akafariki katika kipupwe cha pili. Imepokewa kwamba mwisho wake alimwambia mumewe, "Nilikuzuia kwa sababu niliogopa. Nisamehe." Naye akalia, akamwambia kwamba wa kuombwa msamaha si yeye, bali yule mjane.

Baada ya miaka tisa alipeleka fungu la mwisho. Bibi Unaisa aliipokea mali, akaiweka mapajani, kisha akamsogezea tena.

"Safana ameolewa," akasema, "naye anataka mali hii ifanyiwe biashara. Nimemwambia apewe Hureith."

Hureith akauliza, "Mimi? Baada ya Hind?"

"Hind sijakusamehe," akajibu. "Hilo tutaonana nalo mbele ya Mola wetu, na huenda siku hiyo nikaweza. Lakini wafanyabiashara wote wa Kufa wanakuja kuniahidi faida, na simjui hata mmoja ambaye akiharibu atakuja mwenyewe kuniambia, ila wewe."

Hureith akafunika uso kwa mikono yake iliyokomaa kwa magunia, akalia mpaka adhana ya alasiri ikamkuta pale pale. Kisha akaipokea.

Ndugu zangu, mali ilirudi yote, haikupungua hata dirhamu. Atika hakurudi, na Hind hakurudi. Ukikabidhiwa mtaji wa mtu usijione mwerevu kuliko sharti lake, kwani yeye analijua jeraha lililomfanya aliweke. Na ukiwa umekwisha kukosea, nenda ukaseme leo, hata kama utafukuzwa mlangoni. Mola atuepushe na nia njema zinazokula amana za watu, na awakutanishe Hureith, Atika, Bibi Unaisa na Hind mahali pasipo na njaa wala baridi.